Mkaguzi wa Kwenye Ndoo

Siku mliyoniaga nikistaafu, Brayo alisimama na chupa ya soda mkononi, akaninyooshea kidole akasema, "Mnamcheki Mathe? Tangu zamani ameshika madawa na mikono mitupu, glavu hajui, maski hajui, na bado anatoka hapa akiwa fiti kuliko sisi. Hizi sheria za siku hizi ni za watu waoga." Mkapiga makofi. Mimi pia ningepiga, ila nilikuwa nimeshika sahani ya pilau na sikuwa tayari kuiweka chini mbele yenu. Nawajua.

Nilipofika nyumbani na pilau ikatulia tumboni, maneno ya Brayo yakaanza kunikereketa. Nimewahi kumwamini mtu kwa sababu hiyo hiyo moja, kwamba ametoka mzima. Hakuwa mtu hasa, alikuwa samaki. Nikaona kabla hamjanigeuza hadithi ya kufunzia wanaokuja, afadhali niwasimulie mwenyewe, maana aibu ikisimuliwa na mwenyewe hubaki na heshima kidogo.

Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atatoka mikono mitupu. Vyeo vilichelewa kuja, mshahara ukawahi kuondoka, na hayo tumeyamaliza.

Nilianza Kariobangi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shangazi yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, akasikia kwamba fundi mmoja nyuma ya karakana za mabati anatafuta msichana wa kumsaidia kazi ya samaki. Shangazi hakuuliza samaki gani. Asubuhi yake nikajitokeza na aproni, kisu kilichonolewa vizuri na beseni, tayari kupaa magamba. Nikamkuta mwanamume mrefu amepiga magoti anabandika vioo kwa gundi, na nyuma yake ukuta mzima wa matangi yenye samaki wa rangi za kila aina, mkubwa wao hajazi kiganja. Akanitazama, akakitazama kisu.

"Hao ukiwapaa," akasema, "tutakula nini? Macho?"

Huyo ndiye Omosh, mwalimu wangu. Alikuwa Mjaluo wa Siaya, mtoto wa mvuvi, na ndugu zake walipomtembelea walisimama mbele ya matangi yale wakitikisa vichwa. "Baba yetu alivua samaki tukala tukasoma," mmoja wao alimwambia, "wewe unafuga kitoweo halafu unakipa majina?" Omosh alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa na kikohozi kidogo kilichomshika kila akifungua chupa ya formalini, ile dawa kali tuliyoitia matone machache kuua wadudu. Aliipima kwa kifuniko, uso wake ukiwa juu ya chupa, dirisha limefungwa. Nilipomuuliza kama haimuumizi, aligonga kifua akasema, "Hii imezoea."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa maji. Nyinyi mnafungua mfereji na mashine inachuja. Mimi nilipanga mitungi kama mtu anayesubiri kiangazi. Maji ya jiji yana dawa ya kuua vijidudu, na ukimtia samaki humo moja kwa moja unamchoma matamvua, yale mashavu anayopumulia. Kwa hiyo mitungi ililazwa wazi mpaka dawa itoke. Sasa fikirieni mtaa ambao mfereji hukauka wiki nzima, akina mama wamepanga foleni na vibuyu, na mimi nina mitungi imejaa nimeiacha wazi ipigwe upepo. Jirani mmoja alisimama mlangoni akasema, "Sisi tunaoga na kikombe, lakini samaki wako, Nekesa, wanaogelea."

Ugonjwa uliotutesa kuliko yote ni ule wa madoa meupe. Mnaujua. Samaki anaanza kujikuna kwenye mawe, kisha unaona mwili wote umenyunyiziwa kitu kama chumvi. Mara ya kwanza nilitia ile dawa ya kijani, madoa yakatoka, nikamwambia Omosh tumeshinda, nikaenda kununua chapati mbili za kujipongeza. Hata sikuwa nimemaliza ya pili, madoa yakarudi kwa wingi, na safari hii samaki wakaanza kuelea.

"Kaa chini," Omosh akaniambia. "Hilo doa unaloliona ni nyumba. Mdudu yuko ndani ya ngozi, amejifunika, anakula. Dawa haimpati. Akishiba anatoka, anaanguka chini ya tangi, anajifunika tena, anajigawa, wanatoka watoto wengi sana. Hao ndio wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Hapo sasa ndipo dawa inawashika, wakiwa barabarani hawana nyumba. Wewe umeona wenye nyumba wametoka ukafikiri wamehama mtaa. Walikuwa wameenda kuzaa."

Tangu hapo nikajua kuendelea kutia dawa hata madoa yakishatoweka. Nikajua pia kwamba dawa ya kijani haitoki mikononi kwa sabuni, wala kwa mchanga, wala kwa maombi. Naongea kuhusu maombi kwa sababu mchungaji wetu aliiona mikono yangu nilipopokea kitabu cha nyimbo, akaniita mbele, akaniombea ugonjwa ule wa kijani unitoke, kanisa zima likiitikia. Sikuwa na moyo wa kumkatiza. Jumapili iliyofuata nilikuja nimevaa glavu nyeupe za kushonwa, na hizo ndizo glavu pekee nilizovaa miaka ile, za kuficha dawa na wala si za kujikinga nayo.

Sasa nimfikie mhusika mwenyewe. Eastleigh, kwenye First Avenue, Mama Hafsa alikuwa na loji, na kwenye sebule ya chini tulimwekea tangi kubwa. Wageni wake wengi ni watu waliokuwa wamekimbia vita kwao Somalia, wakikaa pale wakisubiri ndugu, na aliniambia kwamba mtu akitazama samaki kwa muda mrefu uso wake hulegea. Ukaingia ugonjwa wa madoa meupe, baridi ya Julai ikausaidia, maana baridi humlegeza samaki mwili ukaacha kupigana, na tukapoteza tangi zima. Wote isipokuwa mmoja, samaki wa dhahabu mwenye mkia uliochanika. Aliugua kama wenzake, akajaa madoa, kisha akapona, akawa anazunguka peke yake tangi zima.

"Mchukue, dada," Mama Hafsa akaniambia. "Wallahi simtaki. Amezika wenzake wote. Hawa wageni wangu wengine nao wamezika watu wao wote. Hawahitaji kuamka asubuhi kumtazama huyu."

Nikaondoka naye kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Nikamweka Kariobangi, na nikaanza kuona ajabu: ugonjwa ukiingia, yeye haumgusi. Wenzake wanajikuna, yeye anakula. Wenzake wanaelea, yeye anaomba tena. Na hapo ndipo akili yangu, ambayo siku zote ilikuwa ikifika mapema kuliko inavyotakiwa, ikapata wazo.

Wateja walikuwa wakiniuliza swali moja kila ninapomaliza kutibu: tutajuaje tangi limepona kweli? Nikawaambia, nina Mkaguzi. Namtia humo siku chache. Akitoka hana doa, tangi ni safi. Akitoka na doa, tunaendelea. Mnaona jinsi lilivyokuwa wazo zuri? Mimi nililiona zuri sana. Omosh, tangu kabla sijamleta samaki huyu, alikuwa ameenda Siaya kujenga nyumba ya mamake, kazi iliyomweka huko miezi kadhaa, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuniharibia furaha.

Tukaanza kuzunguka, mimi na ndoo yangu. Umoja, Buruburu, Kaloleni, Eastleigh hadi kwa daktari wa meno aliyekuwa na tangi dogo la kuwapumbaza wagonjwa. Watoto wakiniona na ndoo walipiga kelele, "Mkaguzi, niaje!" na mimi nilifunua mfuniko kidogo kama dereva wa waziri anavyoshusha kioo. Namtia tangini kwa taratibu, narudi baada ya siku chache, namtazama mbele ya familia nzima nikiwa nimefumba jicho moja. Hana doa. Hakuwahi kutoka na doa! Nasema, "Pita," nachora alama ya vema kwa chaki kwenye kona ya kioo, narudisha ndoo kichwani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa Jogoo Road yote.

Baadhi ya matangi yaliyopita yalirudi kuugua. Nilikuwa na maelezo. Niliwalaumu wenye nyumba kwa kulisha samaki ugali, nikalaumu maji ya jiji, nikalaumu stima iliyokatika. Ndoo sikuilaumu.

Ndipo nikaitwa Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Mzee Mulwa alikuwa gadi wa treni za mizigo aliyekaribia kustaafu, Mkamba mpole wa maneno machache. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Bi Kalekye. Alikuwa amepigwa na kiharusi, mguu mmoja haukumsikia tena, na mchana kutwa alikaa kwenye kiti kando ya tangi la samaki watatu. Alinitambulisha kwao kabla sijaketi.

"Huyu mnene ni Kioko, kifungua mimba wangu. Anaendesha lori kutoka Mombasa kwenda Malaba. Anapita Nairobi kila mara, lakini anasema lori haliwezi kukata kona ya kuingia huku. Huyu wa mapezi marefu ni Mwende, karani mjini. Anakaa Buruburu. Unajua Buruburu ilivyo mbali? Na huyu mweusi ni Muthiani, anachonga vinyago Gikomba. Siku nzima anachonga wazee wa miti. Mzee wa nyama yuko hapa, hana muda naye."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia samaki wa kwanza waliyewahi kuwa naye alikufa asubuhi, na jioni yake ndipo mguu ulipomwacha. "Kwa hiyo hawa nawaangalia vizuri," akasema. "Mtu akinipotea mbali sitajua. Lakini nikiwaona hawa watatu wanakula, najua na wale wanakula."

Samaki wake hawakuwa na ugonjwa wowote. Alitaka tu uhakika, na mimi nilikuwa muuza uhakika. Nikamtia Mkaguzi. Nikarudi siku zilizopangwa, nikafumba jicho langu moja, nikasema "Pita." Bi Kalekye alinishika mkono wa kijani kwa mikono yake yote miwili akanibariki. Nikabeba ndoo nikaenda zangu.

Haukupita muda, Mzee Mulwa akaja mwenyewe Kariobangi, bado amevaa koti la reli. "Mama anakuita," akasema. "Mwende anajikuna."

Nilipofika, wote watatu walikuwa na madoa, na Kioko mnene ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi, amelala chini akihema. Bi Kalekye alikuwa analia bila sauti, machozi yanafuata mikunjo tu. "Watoto wangu wamepatwa na nini?" akaniuliza. Nikaanza kumweleza habari za mdudu na nyumba yake, nikaona hanisikii. Hakuwa ananiuliza habari za tangi.

Mzee Mulwa hakuwa mtu wa kubishana na imani ya mkewe. Alichukua sarafu akaenda kwenye kibanda cha simu, nami nikamfuata nikiwa na nia ya kununua chumvi ya kutibia. Nilisikia upande wake wa mazungumzo. "Mwende? Mama yako anasema Mwende anaumwa... Najua wewe ndiye Mwende... Najua uko mzima, nakusikia. Mama hajui. Njoo umwambie." Akakata. Akapiga kazini kwa Kioko, akaacha ujumbe kwamba Kioko yuko taabani na Kioko aje haraka. Yule aliyepokea simu sijui alielewa vipi. Gikomba alituma mtu.

Mwende alifika jioni hiyo hiyo, viatu vya ofisini mkononi. Buruburu, kumbe, ilikuwa karibu. Muthiani akaja na vumbi la mti kwenye nywele. Kesho yake tukasikia breki mbele ya nyumba, vioo vya dirisha vikatetemeka, na lori refu likawa limeziba njia yote ya Makongeni. Lilikuwa limekata kona. Kioko aliingia mbio, mtu mwenye tumbo kama la samaki wake, akasimama katikati ya chumba. "Nani amekufa?"

"Bado," mamake akamjibu. "Kaa hapa nikuone."

Mimi wakati huo nilikuwa kazini, na nataka mwelewe vizuri nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nimemrudisha Mkaguzi tangini. Nilitaka anisaidie kujua ugonjwa umetoka wapi. Akawa anazungukazunguka kati ya wagonjwa watatu, mwili unang'aa, anaokota chakula walichokiacha, na mimi nikawa nawaonyesha wanafamilia nikiwapa moyo. "Mnaona? Huyu hana hata doa moja. Tangi linaelekea kupona."

Ndipo Omosh akaingia. Alikuwa ametoka Siaya siku hiyo, akaambiwa Kariobangi kwamba nimeitwa Makongeni, na kwamba sasa naitwa na mitaa yote kwa sababu ya samaki wa ajabu. Akaja kumwona. Aliinama mbele ya kioo, akakohoa kidogo, akamtazama Mkaguzi kwa muda mrefu.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Eastleigh. Kwa Mama Hafsa."

"Kwani si wale walikufa wote?"

"Wote isipokuwa yeye. Aliugua akapona. Ndiyo maana nimempa kazi ya ukaguzi, Fundi. Yeye ni jasiri."

Omosh akafunga macho kama mtu anayehesabu kimoyomoyo asitukane. "Nekesa. Wewe uliwahi kuugua surua?"

"Utotoni."

"Ukiwekwa sasa kwenye chumba cha watoto wa surua, utatoka na vipele?"

"La. Mwili umeshaijua."

"Basi. Wewe utoke huko mzima, halafu mimi nisimame mlangoni nitangazie watu kwamba humu hamna surua, leteni watoto wenu?"

Omosh aliendelea, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Mkaguzi, alisema, ningemchagua samaki mchanga, ambaye hajawahi kuugua, maana huyo doa lingemtokea mara moja. Huyu wangu ugonjwa hauwezi kumtokea hata akilala juu yake, kwa hiyo kutoka kwake mzima hakusemi lolote kuhusu maji. "Na mbaya zaidi, hatoki mikono mitupu. Pengine amebeba wadudu wawili watatu ndani ya matamvua, huwezi kuwaona. Kama si yeye, ni maji ya ndoo yake. Umekuwa ukiyamwaga wapi?"

Nilikuwa nikiyamwaga tangini. Nilifikiri ni adabu, asihisi mabadiliko ya ghafla.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye ndoo, tena nilikuwa nakibeba kichwani na watoto wananishangilia njiani. Nikayakumbuka matangi yote niliyoyachorea alama ya chaki, nikatamani sakafu ya nyumba ile ya reli inimeze. Kioko dereva ndiye aliyezungumza.

"Kwa hivyo, sister," akasema polepole, kama mtu wa barabarani anayejaribu kuelewa ajali, "wewe ndiye ulikuwa dereva, na huyu ndiye mzigo?"

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa nalia.

"Basi yaishe," mamake akamkata. "Mtibu kwanza. Kulia utalia ukimaliza."

Tukatibu. Mkaguzi akatolewa akarudishwa kwenye ndoo yake, mfuniko ukafungwa. Omosh akapima dawa, mimi nikapima chumvi, tukaongeza joto kidogo la maji ili wadudu watoke upesi ndani ya ngozi, waingie barabarani, dawa iwashike. Stima ilipokatika, Mwende alijaza chupa maji ya moto, akazilaza majini moja moja kama anayebembeleza mtoto. Muthiani alikaa mlangoni na kipande cha mti, akichonga na kunyanyua macho. Kioko alibeba mitungi ya maji kutoka mferejini, na lori lake likakaa pale mpaka mwenye lori akaanza kulitafuta. Hakuna aliyethubutu kuondoka, maana kila mmoja akishika mlango, mamake alimtazama, kisha akatazama tangi.

Mwende na Muthiani, wale wa majini, wakaanza kula tena. Kioko hakuweza. Siku aliyoelea kichwa chini, mimi ndiye niliyemwona kwanza, na nikasimama mbele ya kioo nikitumia mwili wangu kama pazia. Bi Kalekye akaniambia nisogee. Akamtazama samaki. Mwanawe alikuwa akiingia wakati huo huo na mtungi begani, anahema, shati limelowa, anauliza auweke wapi. Mama akamtazama huyo naye, juu mpaka chini, kwa muda.

"Haya," akasema. "Kama ni lazima mmoja aende, acha aende huyo."

Akaanza kucheka, kisha akalia, kisha Kioko akatua mtungi akapiga magoti kando ya kiti, na sisi wengine tukapata shughuli jikoni.

Sitawachosha na yaliyofuata. Nilirudi kwa kila mteja niliyemchorea alama ya chaki, nikafuta alama, nikatibu upya. Wengine walinifukuza. Mama Hafsa wa Eastleigh alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Si nilikwambia yule simtaki?" Mkaguzi alipewa tangi lake mwenyewe Kariobangi, neti yake, ndoo yake, asiguse maji ya mtu. Watoto waliendelea kumsalimia kupitia kioo.

Disemba hiyo, nilipokwenda kuwatazama wale wawili wa Makongeni, Bi Kalekye alisubiri mumewe atoke nje, akanivuta karibu.

"Mwanangu, yule Mkaguzi wako bado yuko?"

"Yuko, Mama. Lakini hatoki tena."

"Unaweza kumleta Krismasi?"

Nilifikiri kiharusi kimerudi. "Mama, ataleta ugonjwa!"

"Kwa nani?" akaniuliza. "Hawa wawili wameshaugua. Si yule fundi wako alisema aliyeugua hapatwi tena?" Alikuwa ameshika somo haraka kuliko mimi niliyelipwa kulijua. Akapapasa goti lake bovu. "Krismasi Nairobi hubaki tupu. Kila mtu anaenda mashambani, na mimi mguu hauniruhusu. Wanangu wataenda kwa wakwe zao. Wewe mlete tu akae hapa kwenye meza. Mzee atapiga simu."

Sikumbeba Mkaguzi. Nilikuwa nimejifunza kiasi hicho. Lakini siku ya mkesha nilibeba ndoo nyeupe, nimeifunika vizuri, nikaiweka juu ya meza kando ya tangi. Mzee Mulwa akavaa koti akaenda kwenye kibanda cha simu na maneno machache kama kawaida yake: Mkaguzi amerudi.

Walikuja wote, na wake zao na waume zao na watoto. Mwende ndiye aliyeinua mfuniko. Akaona ndoo tupu, kavu. Akanitazama, akamtazama mamake aliyekuwa ametulia tuli akitazama samaki, akaufunga mfuniko taratibu. "Bado hali yake si nzuri," akawaambia wenzake. "Itabidi tukae." Akaenda jikoni kusukuma chapati. Kila Krismasi baada ya hiyo nilipeleka ndoo, mpaka mzee alipostaafu wakahamia Machakos.

Sasa nirudi kwako, Brayo. Uliposimama na soda yako ukasema Mathe hakuwahi kuvaa glavu na ametoka mzima, ulikuwa umenitia tangini, umefumba jicho moja, umeona sina doa, ukasema pita. Mimi ni yule samaki mwenye mkia uliochanika. Kutoka kwangu mzima hakukuambii lolote kuhusu maji.

Tulikuwa wawili pale Kariobangi, chupa moja, dirisha moja lililofungwa. Mwenzangu aligonga kifua akasema kimezoea. Miaka ya mwisho hakuweza kubeba hata kioo kidogo bila kukaa chini njiani, na daktari alipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani, alikosa pumzi ya kumaliza jibu, mimi ndiye niliyemalizia. Tulimzika Siaya, karibu na ile nyumba aliyomjengea mamake miezi mimi nikizunguka na ndoo. Hakuna aliyemfanyia sherehe ya kustaafu na kusema ametoka fiti. Wanaotokwa na madoa huwa hawapo siku ya pilau.

Ile zawadi mliyonichangia nimenunulia boksi za glavu na maski, nimeziacha juu ya rafu ya neti, karibu na dirisha, ambalo nimewaachia wazi. Ni saizi ya kawaida, zitawatosha wengi wenu. Brayo, wewe mikono yako ni mikubwa, za kwako nimezitafuta kando.